Tujisitiri bila ya kumtenga jirani

Hapana shaka kwamba mojawapo ya mabadiliko makubwa yaliyotokea katika makazi yetu kwa muda wa miaka thelathini hivi iliyopita ni kutoweka kwa ua wa miti na kuzuka kwa ukuta wa mawe. Atembeaye leo katika mitaa ya Nairobi, Nakuru au Eldoret, na hata katika vijiji vilivyo kandokando ya barabara kuu, huona kuta ndefu zilizopandikizwa vigae vya chupa na kuzungushiwa nyaya za umeme. Nyuma ya kuta hizo zimo bustani nzuri, nyasi zilizofyekwa vyema na vitalu vya mboga. Lakini mpita njia hazioni, na jirani wa ubavuni hazioni pia.

Swali ninalokusudia kulijadili katika makala haya ni hili: mtu ataipataje faragha katika kiwanja chake bila ya kuubomoa ujirani? Huenda wapo watakaoliona swali hili kuwa dogo, lisilostahili kujaza safu ya gazeti. Mimi nalitazama kwa jicho tofauti. Ni wachache miongoni mwetu watakaopata kuteta na serikali au na shirika kubwa la biashara. Lakini ni wengi watakaoteta na mtu wa upande wa pili wa ua, kwa sababu ya tawi lililoinama, mpira uliovuka, moshi wa takataka au dirisha linalochungulia bafu. Ugomvi wa namna hiyo hauna likizo, kwa kuwa mtu huamka nao na kulala nao.

Maneno yetu yasemavyo

Kwa kuwa kazi yangu ni kuchunguza lugha, nitaomba ruhusa ya msomaji nianze na maneno. Katika Kiswahili, ua ni neno lenye sura mbili. Ua la kwanza, ambalo wingi wake ni maua, ni lile linalochanua. Ua wa pili, ambao wingi wake ni nyua, ni uzio uizungukao nyumba, au kile kiwanja kilichomo ndani ya uzio huo. Wanafunzi wa sarufi wanafahamu kuwa haya ni maneno mawili yaliyokutana kwa umbo tu, na kwamba ngeli ndiyo inayoyatenganisha. Hata hivyo, kwa miaka mingi maneno hayo yaliishi pamoja nje ya kamusi pia, maana ua wa nyumba ulikuwa wa mimea, na mimea hiyo ilichanua maua. Siku hizi, tunapotandaza nyaya za umeme juu ya kuta, tumelikaribisha umbo la tatu, yaani kitenzi kuua.

Neno jirani nalo lina habari yake. Tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako mtu mmoja huitwa jar na watu wengi huitwa jiran. Wazee wetu waliliacha lile la umoja wakalichukua lile la wingi, wakalifanya kuwa jina la mtu mmoja. Mabadiliko ya namna hii ni ya kawaida wakati lugha moja inapokopa kwa nyingine, nami sitaki kuyabebesha falsafa nzito. Lakini yanatukumbusha jambo la kweli, kwamba hakuna awezaye kuwa jirani peke yake.

Tazama pia neno mpaka. Ndugu yake ni kitenzi pakana, na kiambishi -ana kilichomo ndani yake ni kile kile tukionacho katika salimiana, azimana na saidiana. Mashamba mawili yakipakana, kila moja linaligusa jenzake. Kwa hivyo mstari ule ule unaotenga cha huyu na cha yule ndio unaowakutanisha wenye mashamba.

Mwisho, kuna kitenzi sitiri. Mtu anaweza kujisitiri, lakini matumizi yaliyozoeleka zaidi ni ya kumsitiri mwingine. Twasema fulani amemsitiri mwenziwe, yaani ameona asilopaswa kuliona akanyamaza, au amegeuza uso asilione. Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Nionavyo mimi, sehemu kubwa ya faragha anayoifaidi mtu kiwanjani mwake hupewa na jirani yake. Ukuta husaidia tu. Ukiwa na jirani asiyekusitiri, hata ukuta wa mita tatu hautakufaa, maana atasikiliza, atauliza watumishi wako, atapanda ghorofani. Ukiwa na jirani mwenye staha, ua wa michongoma unaofika kifuani unatosha.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni neno hodi. Kwa desturi ya pwani, mtu husimama nje ya mlango ulio wazi kabisa, asichungulie, akapiga hodi na kungoja kuitikiwa. Asipoitikiwa mara ya tatu, hurejea alikotoka. Huu ni ua uliojengwa kwa neno moja, na umezilinda nyumba nyingi kuliko matofali.

Funzo la Lamu

Wapo watakaonijibu kuwa Waswahili wenyewe ni mabingwa wa kujenga kuta. Hilo ni kweli. Mji Mkongwe wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ni mji wa kuta nene za matumbawe na chokaa, na vichochoro ambamo punda wawili hupishana kwa taabu. Nyumba zake za kale zina madirisha machache yaelekeayo nje. Hewa na mwanga huingia kupitia kiwanda, yaani ua wa ndani usio na paa. Anayeingia kwanza hukuta daka, kisha tekani, na njia yenyewe hupinda ili aliyesimama mlangoni asiweze kuona ndani hata mlango ukiachwa wazi. Ni vigumu kupata usanifu uliozingatia sitara kuliko huu.

Lakini tusiishie hapo. Wajenzi hao hao waliweka viti vya mawe pale dakani, ili mwenye nyumba aketi na jirani na mpita njia, wazungumze habari za mji. Tena walijenga wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya kichochoro na kuiunganisha nyumba moja na ya pili, hivi kwamba wanawake waliweza kutembeleana bila ya kushuka njiani. Kwa ufupi, pale walipoufunga ukuta upande mmoja, walifungua baraza au wikio upande mwingine. Sisi wa leo tumeiga nusu ya kwanza ya usanifu huo tukaisahau nusu ya pili. Tumejenga ukuta usiokuwa na baraza.

Mila za bara nazo hazikuwa mbali na busara hiyo. Boma la Mjaluo lilizungushiwa mti uitwao ojuok, ambao kwa Kiswahili ni mnyaa. Utomvu wake mweupe huyadhuru macho, na kwa hivyo hakuna aliyejipenyeza ovyo. Miongoni mwa Wakikuyu, Mzee Jomo Kenyatta alieleza katika kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichochapishwa mwaka 1938, jinsi mpaka wa shamba ulivyowekwa mbele ya wazee na mashahidi, ukapandwa miti na mayungiyungi yaitwayo matoka. Na kwa ndugu zetu Wachaga, ng'ambo ya mpaka katika miteremko ya Kilimanjaro, mmea uitwao isale ndio hupandwa kutenga kihamba cha mtu na cha jirani yake. Jani la isale hilo hilo ndilo hupelekwa na mkosaji anapokwenda kuomba radhi, na aliyeletewa huona vigumu kukataa kusamehe. Naam, mmea uwatengao majirani ndio uwapatanishao. Mpaka katika mila hizi uliwekwa na watu wawili wakisemezana, mbele ya watu wengine.

Hoja ya usalama

Sitaki nionekane kama mtu anayewalaumu wenzake bila ya kuzifikiria shida zao. Mtaa wa Kaloleni jijini Nairobi ulijengwa katika miaka ya 1940, nyumba zikizunguka viwanja vya nyasi vya pamoja. Kilichowafanya watu wa miji yetu, miaka ya baadaye, kukimbilia kuta na malango ya chuma kilikuwa hofu ya wezi. Hofu hiyo ilikuwa na sababu, na ingali nayo. Mama anayelala peke yake na watoto hawezi kuambiwa kuwa hodi inatosha kumzuia mwizi.

Aidha, haja ya faragha ni ya kweli hata pasipo na mwizi. Walimu wanaoishi katika nyumba za shule watanielewa upesi. Mwalimu kijana anapoanika nguo zake, darasa zima la wavulana linaona. Akipata mgeni Jumamosi, habari zimefika chumba cha walimu Jumatatu kabla ya kengele ya kwanza. Akipika nyama, watu wanahesabu siku za mwezi. Mtu huyu akipanda ua mrefu nyuma ya nyumba yake, asiitwe mwenye maringo. Anatafuta pahali ambapo anaweza kuwa mtu tu, asiwe mwalimu wa fulani. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinaitambua haki ya faragha, na hakikuiwekea sharti la mtu kuwa tajiri mwenye kasri.

Hata hivyo, wahenga walisema, mficha uchi hazai. Ukuta unaomficha mwenye nyumba humficha pia mwizi aliyekwisha kuuruka. Na si mwizi tu. Katika mtaa ninamoishi alikuwako mwalimu mstaafu aliyefiwa na mkewe. Kila asubuhi majirani walimwona juu ya ua wa michongoma akinyunyizia maji sukuma wiki zake, wakapungiana mikono. Wanawe, kwa mapenzi yao, wakamjengea ukuta ili alale salama. Asubuhi moja aliteleza bustanini akavunjika nyonga. Akaita, lakini mtaa ulikuwa umekwisha kwenda kazini, na waliobaki hawakumsikia wala kumwona. Alikaa chini mpaka alasiri, pale mwuza maziwa alipogonga lango mara nyingi bila ya jibu akaenda kuwaita watu. Alipotoka hospitalini, jambo la kwanza aliloliomba ni kwamba ukuta ule utobolewe mlango mdogo upande wa jirani. Wanawe hawakukosea kumtakia usalama. Waliyasahau tu macho yaliyokuwa yakimlinda bila ya malipo.

Serikali yenyewe iling'amua jambo hili ilipouanzisha mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013, kwa kuiga mfano wa Tanzania. Mengi yamesemwa juu ya kasoro za utekelezaji wake, lakini msingi wake ni kwamba usalama huanza kwa watu kujuana. Sasa mtu atazijuaje nyumba kumi ikiwa hata ya pili haioni?

Sheria ina kikomo chake

Panapozuka ugomvi wa mpaka, wengi hukimbilia sheria. Sheria zipo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka kila mwenye ardhi azitunze alama za mpaka wake, ziwe ua, mawe au ukuta, na inaifanya kuwa kosa kuziharibu au kuzing'oa alama hizo. Sheria hiyo hiyo hairuhusu mahakama kusikiliza mzozo wa mipaka ya ardhi iliyosajiliwa kabla mipaka yenyewe haijathibitishwa kwa utaratibu uliowekwa. Kwa hivyo, anayedhani kuwa atamfikisha jirani yake kortini kesho kwa sababu ya nusu mita ya ua ajiandae kwa safari ndefu. Na Kifungu cha 159 cha Katiba kinazihimiza mahakama ziendeleze njia nyingine za kutatua migogoro, zikiwemo usuluhishi na mila zetu.

Uingereza, nchi ambayo watu wake wanaipenda mno bustani ya nyumbani, ilijikuta ikitunga sheria juu ya nyua za miti. Sheria ya mwaka 2003 kuhusu mienendo ya kuwasumbua watu iliwapa wakazi wa England na Wales njia ya kulalamika kwa baraza la mtaa ikiwa ua wa jirani wenye miti ya kijani kibichi daima umepita mita mbili na unawanyima raha ya makazi yao. Lakini baraza lina uwezo wa kulikataa lalamiko ikiwa mlalamishi hajafanya juhudi za kutosha kulimaliza jambo mwenyewe kwanza. Hata huko, basi, sheria inamrudisha mtu uani akaseme na jirani yake.

Tufanyeje?

La kwanza ni kusema kabla ya kuchimba. Mwenye kutaka kupanda ua au kujenga ukuta na amwendee jirani yake, apige hodi, amweleze anataka kuweka nini, wapi na cha urefu gani. Haendi kuomba ruhusa ya kuitumia mali yake. Anakwenda kumwonyesha mwenziwe kuwa hajengi kwa ajili ya kumkimbia. Ukuta ule ule, ukielezwa, huwa ukuta tu. Usipoelezwa, jirani huusoma kama barua ya matusi. Mara nyingi mazungumzo hayo huleta faida isiyotarajiwa: jirani huchangia gharama, au hueleza pale bomba la maji lilipopita, au hukumbusha kuwa msingi umeingia kwake hatua moja. Mjini, fundi asianze kazi kabla ya idhini ya kaunti kupatikana, ili jirani asilazimike kuwa mshtaki.

La pili ni kusitiri panapohitaji kusitiriwa, si kila mahali. Uani panapofuliwa, panapoanikwa na panapoketi jamaa jioni, hapo pandisha ua upendavyo. Mbele ya nyumba, uache uwe wa kimo ambacho watu wawili waliosimama wanaweza kusalimiana juu yake. Nyumba iliyozibwa pande zote kwa kimo kimoja hairuhusu hata salamu ya asubuhi.

La tatu ni kuchagua mmea kwa kumfikiria yule wa pili. Saipresi hukua haraka, lakini isipopogolewa kwa wakati huwa msitu unaomnyima jirani jua na kukikausha kitalu chake. Mnyaa haufai palipo na watoto wadogo, kwa sababu ya utomvu wake. Kayaba, mti wa miiba uliotoka kusini mwa Afrika unakopita mto Kei, hauruki mtu wala mbuzi, tena huzaa matunda ya manjano yaliwayo. Lakini matawi yake yapogolewe pande zote mbili, na aliyepanda asimwachie mwenziwe kazi ya kuokota miiba. Bogenvilia hupendeza kutwa kucha, nayo pia ina miiba na hupenda kutambaa kusikokuwa kwake.

La nne ni kuacha njia. Kilango kidogo mpakani, au hata pengo analoweza kupita mtoto aliyetumwa chumvi, hugharimu kidogo mno. Kilango hicho kinaweza kufungwa usiku. Siku ya moto, ya ugonjwa au ya msiba, thamani yake itaonekana.

La tano, na ndilo gumu, ni kuyaadibisha macho na ndimi zetu. Tumewafunza watoto wetu kusoma na kuhesabu, lakini je, tumewafunza kugeuza uso? Anayeishi ghorofani anaona nyua za watu watano, na asimulie vipi kila anachokiona? Siku hizi pameongezeka na kamera zilizotundikwa kwenye pembe za nyumba. Kamera ya mlinzi ilitazame lango la mwenyewe. Ikielekezwa kwenye kamba ya nguo za jirani, hiyo si ulinzi tena, ni kuchungulia.

Nawageukia sasa walimu na wanafunzi. Somo hili linaweza kuingia darasani bila ya kungojea mtaala mpya. Mwalimu wa Kiswahili na awaombe wanafunzi wake wakawaulize wazee wao maneno yanayotumika katika lugha zao za mama kwa ua, mpaka na jirani, na desturi ya kubisha mlango. Katika darasa moja la mjini atapata lugha tano au sita, na kila moja ina hodi yake. Kisha wajadiliane iwapo ukuta mrefu hujenga ujirani au huubomoa. Wasikimbilie kujibu kwa methali tu. Wataje mitaa yao, nyua zao na magomvi waliyoyashuhudia.

Ukuta uliokwisha kujengwa si lazima ubomolewe. Lakini mwenye ukuta huo anaweza, jioni ya leo, kutoka nje ya lango lake, akenda hatua ishirini hadi lango la pili, akapiga hodi na kujitambulisha kwa jina. Ikiwa wameishi ubavu kwa ubavu miaka saba bila ya kujuana majina, basi kazi hiyo imechelewa miaka saba, na haifai kucheleweshwa hata kwa siku moja zaidi.